Kidato cha Nne, Januari hadi Novemba: jinsi ya kupanga mihula na kuwaandaa watahiniwa wa NECTA

Wanafunzi wa kidato cha nne katika shule nyingi za sekondari Tanzania hawana upungufu wa mitihani. Wana majaribio ya wiki, nusu muhula, mtihani wa muhula, ujirani mwema wa shule jirani, moko (mtihani wa utamilifu), kisha pre-NECTA, yaani jaribio la mwisho kabla ya mtihani wa taifa wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania. Kinachopungua ni siku za kurudisha karatasi na kufundisha upya yaliyokosewa. Mtihani usiosahihishwa kwa wakati humla mwalimu wiki nzima ya vipindi bila kumwachia mwanafunzi chochote. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa taaluma, walimu wa masomo na wazazi wanaofuatilia. Unaanzia siku shule inapofunguliwa Januari na kuishia karatasi ya mwisho inapokusanywa.

Hesabu wiki kwanza

Kabla ya kuandaa ratiba yoyote, keti na kalenda ya mihula ya wizara na uhesabu wiki ulizonazo kweli. Mtihani wa taifa huanza Novemba, na miaka mingine siku za mwisho za Oktoba. Tuchukue mfano wa shule iliyofunguliwa wiki ya pili ya Januari. Hadi mwisho wa Oktoba kuna takriban wiki 42. Toa 4 za likizo ya Juni, 1 ya mapumziko ya Aprili na 1 ya Septemba, zinabaki 36. Sasa toa wiki za mitihani ya ndani: 1 ya nusu muhula wa kwanza, 2 za mtihani wa muhula, 1 ya nusu muhula wa pili, 2 za moko na 2 za pre-NECTA. Zinabaki 28. Sikukuu, michezo, mahafali na dharura hula angalau 2. Umebaki na wiki 26 za kufundisha.

Somo lenye vipindi 3 vya dakika 40 kwa wiki lina vipindi 78, yaani saa 52 kwa mwaka mzima. Kila mwalimu aiandike namba hiyo juu ya azimio la kazi lake. Kisha aorodheshe mada za kidato cha nne pamoja na zile za kidato cha tatu zilizorukwa, na mbele ya kila mada aandike idadi ya vipindi. Jumla ikizidi, apunguze sasa, Januari, kwa kuamua mada ipi ipewe vipindi vichache. Asiyeamua Januari huamuliwa na kalenda mwezi Septemba, na mada zinazoachwa huwa ndizo za mwisho kwenye muhtasari wa somo, bila kujali uzito wake kwenye mtihani.

Lengo la kushikilia ni kumaliza muhtasari kabla ya likizo ya Juni, na ikishindikana kabisa, mwisho wa Julai. Muda wote baada ya hapo ni wa marudio. Vipindi vya ziada vya asubuhi au jioni vipewe somo ambalo hesabu yake imeonyesha upungufu. Kuvigawa sawa kwa masomo yote ili kila mwalimu aridhike hakumsaidii mwanafunzi.

Usajili na alama za maendeleo

Kazi hii inaonekana ya ofisini, lakini imewaumiza watahiniwa wengi waliokuwa wamejiandaa vizuri. Bandika rasimu ya usajili ubaoni na umwite kila mwanafunzi asome mambo manne: herufi za majina yake matatu kama zilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa na kumbukumbu za kidato cha pili, jinsi yake, masomo atakayofanya, na picha. Aweke sahihi mbele ya jina. Kosa la herufi moja likifika kwenye cheti, kulirekebisha ni safari ndefu na ya gharama.

Mwanafunzi mwenye uoni hafifu, asiyesikia au mwenye hali nyingine inayohitaji msaada aandikwe hivyo wakati wa usajili. Maandishi makubwa, breli na muda wa nyongeza huandaliwa na Baraza mapema, haviombwi asubuhi ya mtihani.

Alama za maendeleo ya mwanafunzi nazo hutumwa NECTA na huingia kwenye matokeo. Ziwekwe kwenye daftari moja la shule na kwenye kompyuta, na kila baada ya mtihani zihakikiwe na watu wawili. Shule inayosubiri dakika za mwisho hujikuta ikitafuta alama za mwalimu aliyehama.

Matukio ya mwaka

Ziandike tarehe zote kwenye karatasi moja kubwa ya ofisi ya taaluma: mashindano ya UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari, yanayofanyika katikati ya mwaka, Mwenge unapopita wilayani, Nane Nane, Siku ya Nyerere tarehe 14 Oktoba, na mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka hurudi nyuma kwa takriban siku 11. Ramadhani ikiangukia muhula wa kwanza, hamishia masomo mazito asubuhi na punguza vipindi vya jioni badala ya kuvifuta.

Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyechaguliwa UMISSETA asizuiwe kwa sababu tu yuko darasa la mtihani, maana michezo ndiyo inayowaweka wengine shuleni. Ila mwalimu wa darasa amkabidhi rafiki mmoja wa kila somo jukumu la kumnakilia, na akirudi apewe siku tatu za kufidia kazi kabla ya kupewa jaribio lolote.

Mahafali ndiyo tukio linalovuruga zaidi. Yafanyike Jumamosi, kabla ya pre-NECTA, na mazoezi ya kwaya, ngonjera na risala yasizidi saa 1 kwa siku kwa muda wa wiki mbili. Yakisogezwa hadi wiki mbili kabla ya mtihani wa taifa, hatari yake ni kwamba mwanafunzi akishavaa joho na kupewa zawadi, moyoni amemaliza shule. Baada ya mahafali wapo wazazi hudhani watoto wao wamehitimu na huanza kuwapa kazi za nyumbani za siku nzima, hasa wasichana. Mkuu wa shule aitumie hadhara hiyohiyo, wazazi wakiwa wameketi, kutaja tarehe ya karatasi ya kwanza na ya mwisho na kuwaomba wampe mtoto nafasi hadi siku hiyo.

Mtihani wa ndani: kutunga, kusahihisha, kurudisha

Acheni kununua mitihani inayosambazwa mitaani na kwenye makundi ya simu. Wanafunzi wanayo kabla yenu, na mara nyingi haifuati fomati ya NECTA wala haigusi mlichofundisha. Mtunzi aanze na jedwali la utungaji: safu za mada, na mbele ya kila mada idadi ya alama kulingana na vipindi ilivyopewa. Mada iliyochukua vipindi 10 kati ya 50 ipate takriban alama 20 kati ya 100. Kisha aandike mwongozo wa usahihishaji siku hiyohiyo, kabla mtihani haujafanyika. Akishindwa kuligawa swali katika alama moja moja, swali hilo halijakaa sawa, alitunge upya.

Muda wa kusahihisha upangwe kama vipindi vinavyopangwa. Darasa la wanafunzi 80, karatasi moja dakika 12, ni saa 16. Mwalimu anayeweza kupata saa 4 kwa siku anahitaji siku 4. Kwa hiyo siku 7 za kurudisha karatasi zinatosha, mradi wiki hiyo asipewe zamu. Penye walimu wawili au watatu wa somo moja, sahihisheni kwa mkondo: kila mmoja ashike maswali yake katika karatasi zote. Mkondo huenda haraka na huleta usawa, kwa sababu anayesahihisha swali la 5 mara 80 hushika makosa yake kwa undani kuliko anayeruka kutoka swali hadi swali.

Karatasi zikirudi, vipindi viwili vinavyofuata ni vya masahihisho. Kuusoma mwongozo wa majibu kwa sauti hakutoshi. Mwanafunzi aandike upya, kwa mkono wake, majibu ya maswali aliyopata chini ya nusu, kwenye daftari maalumu la makosa. Mwalimu alikague daftari hilo kama anavyokagua mazoezi mengine. Kufika Oktoba, daftari hilo ndilo kitabu bora cha marudio alichonacho, kwa sababu kila ukurasa wake unahusu udhaifu wake mwenyewe.

Kuchambua moko

Mtihani wa utamilifu, yaani moko, hufanyika kati ya Julai na Agosti katika maeneo mengi. Shule nyingi huyatumia matokeo yake kupanga nafasi tu: nani wa kwanza, shule ya ngapi kiwilaya. Nafasi haifundishi. Fanya hivi badala yake.

1. Chora jedwali. Mistari ni majina ya wanafunzi, safu ni namba za maswali. Jaza alama za kila swali, si jumla pekee.

2. Chini ya kila safu tafuta wastani na uugawe kwa alama kamili za swali. Swali la alama 9 lenye wastani wa 2.7 limepata asilimia 30.

3. Swali lililo chini ya asilimia 40, mada yake ifundishwe upya kwa darasa zima, kwa njia tofauti na ya kwanza. Kati ya 40 na 60, iundwe klabu ya wanaohitaji. Juu ya 60, mada iachwe hadi marudio ya mwisho.

4. Chukua karatasi 10 za waliofanya vibaya katika maswali yale mabovu na utafute aina ya kosa. Kuna aina nne: hakuijua mada, aliijua lakini hakuelewa swali linataka nini, alielewa lakini alijibu kwa ufupi au bila mpangilio, hakufika kwenye swali kwa sababu muda uliisha.

Hatua hii ya nne inafaa ipewe muda kuliko zote, kwa sababu kila kosa lina dawa yake. Anayekosa mada anahitaji kufundishwa. Asiyeelewa swali anahitaji mazoezi ya lugha ya mtihani, na kumfundisha mada upya ni kumchosha. Anayejibu kwa ufupi anahitaji kuonyeshwa jibu la alama 9 na jibu la alama 4 yakiwa sambamba. Aliyeishiwa muda anahitaji saa mezani. Kambi ya jioni inayowaweka wote wanne darasa moja wakisikiliza somo lilelile humfaa mmoja tu.

Kando ya jedwali lako weka taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo NECTA huzitoa kwa kila somo kwenye tovuti yake. Zinaonyesha swali, makosa yaliyofanywa nchi nzima, na sampuli za majibu mazuri na mabaya. Ni bure, na ni walimu wachache mno wanaozisoma.

Alama mbili zinaweza kuwa daraja zima

Kila mwanafunzi ajue hesabu hii na aifanye kwa matokeo yake ya moko. A ni alama 75 hadi 100, B 65 hadi 74, C 45 hadi 64, D 30 hadi 44, F 0 hadi 29. A ina pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Hujumlishwa masomo saba bora. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 hadi 35 ni sifuri.

Chukua mwanafunzi mwenye B ya Kiswahili, C za Uraia, Historia, Biolojia na Kiingereza, D za Jiografia na Kemia, na F za Fizikia na Hisabati. Saba bora zake ni 2+3+3+3+3+4+4 = 22, daraja la tatu. Jiografia yake ina alama 43. Akipata 45 inakuwa C, jumla inashuka hadi 21, na sasa ana daraja la pili. Mwanafunzi huyu huambiwa akazane na Hisabati kwa sababu ana F, wakati somo lililo karibu kumbadilishia daraja ni Jiografia. Hisabati asiiache, lakini saa zake chache za ziada zianzie Jiografia.

Kwa hiyo kila mwalimu wa somo awe na orodha mbili: walio kati ya 40 na 44, na walio kati ya 25 na 29. Hao ndio wa kuitwa kwa majina, watatu watatu, wiki baada ya wiki. Wenye malengo ya kidato cha tano wakumbushwe pia kwamba C zisizopungua tatu ni lazima, na masomo ya tahasusi wanayoitaka, yaani mchepuo wa kidato cha tano, yatazamwe kwanza.

Hisabati

Karatasi ya Hisabati ina maswali 14: Sehemu A maswali 10 ya alama 6 kila moja, Sehemu B maswali 4 ya alama 10. Yote ni ya lazima. Kwa anayepata chini ya 15, usimpeleke kwenye mada zote. Maswali matano ya Sehemu A yakifanywa kikamilifu ni alama 30. Mchagulie mada tano zinazofuata hatua zilezile kila mwaka, kama seti, vipeuo na logi, uwiano na faida, mfuatano wa namba, na nadharia ya Pithagorasi, kisha ongeza takwimu kutoka Sehemu B. Afanye maswali matatu kila siku kutoka mitihani iliyopita, akianza na ya mwaka wa karibuni. Kila hatua aiandike, kwa sababu alama hutolewa kwa hatua. Anayeandika jibu pekee likiwa na kosa dogo hupata sifuri mahali ambapo mwenzake hupata 4 kati ya 6.

Katika takwimu, makosa ya kila mwaka ni kutumia mipaka ya matabaka badala ya mipaka halisi, na kuchora histogramu yenye nafasi kati ya nguzo. Kwenye grafu za kutafuta faida kubwa kabisa, wengi hawaandiki herufi zao zinawakilisha nini, au wanafika kwenye pembe sahihi na kusahau kuandika jibu kwa sentensi.

Mazoezi ya maabara

Fizikia, Kemia na Biolojia zina karatasi ya vitendo, na hapa shule za kata hupoteza alama ambazo zingepatikana kwa gharama ndogo. Mwanafunzi asiyewahi kushika bureti hawezi kufundishwa kwa picha. Afanye angalau majaribio sita ya kutitresha, yaani kupima asidi na besi kwa bureti, kabla ya Oktoba.

Vipimo vya kuandaa: hidroksidi ya sodiamu ya 0.1 M ni gramu 4 kwa lita 1. Kabonati ya sodiamu isiyo na maji ya 0.05 M ni gramu 5.3 kwa lita 1. Asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M ni takriban sentimita za ujazo 8.6 za asidi kali ya asilimia 36 kwa lita 1. Mimina asidi kwenye maji polepole, kamwe usimimine maji kwenye asidi. Mwanafunzi mmoja hutumia takriban 150 cm³ za kila kimiminika pamoja na za kusuuzia, kwa hiyo wanafunzi 40 wanahitaji lita 6 za besi na lita 6 za asidi. Hiyo ni gramu 24 tu za hidroksidi na kama 52 cm³ za asidi kali. Shule inayosema haina uwezo wa mazoezi ipige hesabu hii kwanza.

Makosa ya kuangalia unapopita mezani: kusuuza chupa ya koni kwa besi (isuuzwe kwa maji yaliyokenekwa tu, besi iliyobaki huongeza kipimo), kuacha faneli juu ya bureti, ikadondosha matone katikati ya kazi, kusoma bureti jicho likiwa juu au chini ya usawa wa kimiminika, kuandika 24 badala ya 24.00, na kuingiza jaribio la awali kwenye wastani. Wastani hutoka kwenye vipimo vilivyokaribiana, visivyopishana zaidi ya 0.2 cm³.

Kwenye Fizikia, jaribio la pendulamu hupoteza alama katika grafu. Mwanafunzi apime muda wa mizunguko 20, agawe kwa 20, kisha achore mraba wa muda dhidi ya urefu. Grafu iwe na kichwa, vipimo kwenye mihimili yote miwili, skeli iliyoandikwa, na mstari mmoja ulionyooka unaopita katikati ya nukta. Wengi huunganisha nukta moja moja, na mteremko wanaoupata hauna maana. Kwa Biolojia, vipimo vya vyakula ni vichache na vinajirudia: iodini kwa wanga, Benedikti na moto kwa sukari rahisi, hidroksidi ya sodiamu na salfati ya shaba kwa protini, Sudan III kwa mafuta. Mwanafunzi aandike utaratibu, alichokiona na hitimisho katika safu tatu. Rangi ya mwanzo nayo itajwe.

Insha na lugha ya maswali

Karatasi nyingi ni za Kiingereza, na sehemu kubwa ya anguko linaloitwa la Historia au Biolojia kwa kweli ni la kutoelewa kitenzi cha swali. “State” na “outline” zinataka hoja fupi. “Explain” inataka hoja, sababu yake na mfano. “Distinguish” inataka pande zote mbili katika kila sentensi. Bandikeni vitenzi kumi vya namna hii darasani, na kila jaribio la wiki litumie vitatu.

Kosa jingine ni kujibu swali lililokaririwa. Swali linauliza kwa nini wapiganaji wa Majimaji walishindwa mwaka 1907. Mwanafunzi anaandika kodi, pamba ya kulazimishwa na ukatili wa maakida. Hizo ni sababu za vita kuanza mwaka 1905. Zote ni kweli na zote zinapata sifuri. Mzoeshe kupigia mstari maneno mawili ya swali na kuandika hoja sita pembeni kwa penseli kabla ya kuanza insha. Aya moja, hoja moja, mistari sita hadi minane, na mfano wenye jina la mahali au mwaka.

Kwa Kiswahili, barua rasmi ina alama za mpangilio ambazo hazihitaji kipaji: anwani ya mwandishi na tarehe, anwani ya mwandikiwa, mwanzo wa barua, kichwa cha habari, kiini, hitimisho, sahihi na jina kamili. Zikosekane mbili tu, alama zimeondoka.

Kambi

Kambi ya kidato cha nne kwa shule za kutwa husaidia pale ambapo nyumbani hakuna taa wala utulivu. Ruhusa ya mzazi iwe ya maandishi, wasichana wawe na matroni anayelala nao jengo moja, na taulo za kike ziwepo kambini bila msichana kulazimika kuomba mbele za watu. Kwa chakula, kadiria gramu 250 za unga na gramu 100 za maharage makavu kwa mwanafunzi kwa mlo. Wanafunzi 60 ni kilo 15 za unga na kilo 6 za maharage. Michango ikikusanywa kwa mazao badala ya fedha, wazazi wa vijijini huitikia zaidi.

Ratiba ya kambi iishie saa 4:30 usiku na kuamka kuwe saa 11:30 alfajiri. Kuwaamsha saa 9 usiku kunawapa walimu faraja kwamba watoto wanasoma, lakini kichwa kilichopata usingizi wa saa nne tu hakishiki mada mpya. Nusu ya muda wa kambi iwe ya mwanafunzi kuandika majibu peke yake, saa ikiwa mezani. Majadiliano ya vikundi yawe ya watu watano au sita, kila mmoja akiwa na swali la kuwaeleza wenzake. Kundi la kumi na tano huwa na wasemaji wawili na wasikilizaji kumi na watatu.

Wiki ya mwisho na chumba cha mtihani

Hakuna mada mpya katika siku 7 za mwisho. Mwanafunzi asome daftari la makosa na afanye karatasi moja kamili kwa siku. Kwa karatasi ya saa 3 iliyogawanywa alama 16, 54 na 30, mgawanyo wa dakika 180 unaofanya kazi ni huu: 10 za kusoma karatasi nzima, 20 za Sehemu A, 85 za Sehemu B (kama dakika 14 kwa swali la alama 9), 50 za Sehemu C (25 kwa kila swali la alama 15), na 15 za kupitia. Dakika 14 zikiisha aache nafasi aende mbele.

Siku yenyewe aje na kalamu mbili za wino wa bluu au mweusi, penseli, rula na kifutio. Namba ya mtihani iandikwe kila ukurasa wa kijitabu cha majibu. Michoro kwa penseli, maandishi kwa wino. Asome ukurasa wa kwanza kujua kama kikokotoo kinaruhusiwa kwenye karatasi hiyo. Simu isifike kabisa eneo la mtihani, hata ikiwa imezimwa. Anayekamatwa na kitu kisichoruhusiwa hufutiwa matokeo yote, si ya somo moja. Semeni hili mbele ya wazazi pia, kwa sababu wapo wanaotoa fedha za “mtihani uliovuja” kwa matapeli wa mitandaoni, na mtoto huingia chumbani akiwa amekesha na majibu ya uongo.

Baada ya kila karatasi, wazuieni wasikusanyike kulinganisha majibu. Mtoto aliyegundua amekosa swali la alama 15 la Jiografia asubuhi huipeleka huzuni hiyo kwenye karatasi inayofuata. Mwalimu wa zamu awape chai, awataje waliobakiwa na karatasi siku hiyo, na kuwaelekeza darasani.

Karatasi ya mwisho ikishakusanywa, kila mtahiniwa aondoke na namba yake ya mtihani aliyoinakili mahali pawili, pamoja na nakala ya chaguzi alizojaza kwenye Selform, fomu ya kuchagua tahasusi au chuo. Matokeo yakitoka ataihitaji namba hiyo kuingia kwenye mfumo na kubadilisha tahasusi au chuo ndani ya siku zilizotangazwa, na wakati huo shule itakuwa imefungua na kidato cha nne kingine.